Kalipso ya Ekal

Jumatatu, 3 Machi
Nimechomelea mlango wa duka moja hapa Lodwar. Joto la kuchoma mpaka mfupa. Mwenye duka akauliza kazi hii nilijifunza wapi. Nikamwambia: melini, Kalipso, miaka minne, naziba matundu huku papa wananinusa. Alicheka, akaninunulia soda. Turkana nzima hakuna mtu amekula chumvi ya bahari kama mimi.

Mama hajapiga simu wiki mbili. Anakaa Kakuma kwa Atabo, binti wa dada yangu, mwalimu. Najua anangoja habari za Ekal. Mdogo wangu huyo alipanda Kalipso kule Mombasa tukiwa vijana. Hajarudi. Kila mwaka nampa Mama habari: meli imeonekana Mombasa, imeonekana Dubai, Ekal yuko mzima, amenenepa. Mama analala vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Atabo amepiga. Hata salamu ya ejok hakuna.
"Mjomba, Kalipso gani?"
"Kwani ziko ngapi?"
"Hapa kwa simu nimeona saba, na sijamaliza."
Akasoma. Moja ya mbao, ya matanga, ilibeba ngano. Moja ya abiria, nyeupe, iliungua. Jina lenyewe ni la mwanamke wa hekaya za Wagiriki. Alimshikilia baharia kisiwani, hataki arudi kwao. Wenye meli wanalipenda jina hilo. Moja ikifa, wanalibandika kwa nyingine.
Ile ya shehena, ya Mombasa, ya Ekal, ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Zamani. Atabo hajazaliwa.
"Sasa mjomba, ile ulimwambia nyanya uliiona mwaka jana ni gani?"
Nikasema mtandao mbaya. Nikakata.
Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Ijumaa, 7 Machi
Sijawasha mashine. Sijala.
Mama amesikia yote. Atabo alimsomea, kisha akanipigia. Ameelewa haraka kuliko mimi. Alisema ni kama ng'ombe ambaye kwetu mwanamume anajiita kwa jina lake. Ng'ombe akifa, mwenyewe anatafuta mwingine wa rangi ile ile, na watu wanaendelea kumwita vile vile. Jina linaishi. Yule wa kwanza alishaliwa.
Halafu akaomba simu. Akaniuliza polepole: "Mwanangu Ekal nimlilie, au nimngoje?"
Nikaanza habari za Dubai. Akanikatiza. Anataka nije, nimjibu akiniangalia.
Naogopa. Miaka hamsini na mbili, naogopa mama.

Jumamosi, 8 Machi
Hata daftari hili nimelidanganya.
Sijawahi kupanda meli. Kuchomelea nilijifunza Kitale.
Kazi ya Kalipso ilikuwa yangu, nilitafutiwa mimi. Ekal alinisindikiza tu. Nilifika kwenye ngazi, nikaona yale maji meusi kati ya gati na meli, miguu ikakataa. Watu wanapiga kelele nyuma, pandeni, pandeni. Nikamsukuma mbele. Nenda wewe. Ukiulizwa, taja jina langu.
Akapanda kwa jina langu. Alikuwa na miaka kumi na saba.
Hakuna barua. Hakuna simu. Hakuna mtu aliyekuja kutuambia. Na wangekuja kumwambia nani? Kama alikufa, waliandika nimekufa mimi.

Jumapili, 9 Machi
Kakuma. Upepo wa vumbi. Mama alikuwa kwenye kivuli cha ukuta, Atabo anamenya viazi. Nilisema yote, nimesimama. Sikuongeza hata wimbi moja.
Atabo aliacha viazi, akaingia ndani. Nikamsikia analia.
Mama aliweka chai yake chini. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige na ile fimbo. Alisema tu, "Miaka hii yote ningekuwa nimemlilia nikapumzika."
Nilichukua kisu cha Atabo, nikamalizia viazi.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi Atabo amemnyoa Mama kwa wembe, nywele zote, vile tunanyoa tukifiwa. Kisha akaninyoa mimi. Mkono wake ulikuwa mwepesi.
Tulikaa. Mbuzi wa jirani walipita. Hakuna aliyeniomba hadithi.
Mama aliuliza kitu kimoja.
"Alipanda na viatu?"
Nikasema ndiyo. Vyangu. Nilivua nikampa. Vilikuwa vikubwa kidogo.