Nilisema Kweli, Wakacheka

Jumatano, Umbilo, Durban. Joto la kunata tangu asubuhi. Mvua imetutishia kutwa nzima na haikunyesha. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, na hasira bado ninayo yote.

Wacha niandike kabla haijapoa. Ikipoa nitaanza kumtetea mkuu wangu.

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo, karibu na bandari. Tuko watu sita. Mkuu wetu ni Mwingereza, anaitwa Colin, na wenzangu wanamwita Colin hivyo hivyo. Mimi nashindwa. Namwita Chef, kama tunavyowaita wakubwa kule kwetu Uvira, Kongo. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningemchukia tu, nikalala vizuri.

Utani wake ni wa kusema kinyume bila kubadili uso. Barabara ikijaa maji, anasema ni siku nzuri ya kwenda kuogelea. Kompyuta zikizima zote, anasema, "Safi kabisa." Mwaka wangu wa kwanza niliamini kila neno. Nilimpelekea wazo la kuandika makosa yote ambayo wateja wanarudia kwenye makaratasi ya forodha. Akaniambia, "Wazo la kuvutia sana." Nikalifanyia kazi wiki mbili, hata Jumapili baada ya ibada. Nilipomletea, alishangaa. Kumbe kwao "la kuvutia" maana yake ni hapana.

Nilijiona mjinga. Nakiri, nililia chooni.

Yusufu ndiye aliyenieleza. Yusufu tunakaa naye meza moja. Amezaliwa hapa hapa Durban, babu zake walitoka Afrika Mashariki zamani sana, na Kiswahili chake amekiokota kwetu sisi Wakongomani. Yeye anaupenda utani wa Chef mpaka machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nikicheka pia, nusu sekunde baada ya wengine, kama mtu anayeitikia wimbo asioujua.

Leo asubuhi nilimwomba Chef ruhusa ya Ijumaa, niende kufanya upya kibali changu cha ukimbizi. Nilimwomba mbele ya wote kwa sababu tulikuwa kwenye kikao. Akasema sawa, bila shaka. Kisha, kwa uso ule ule mkavu:

"Wakikukatalia usihangaike. Tutakupakia kwenye kontena la futi arobaini pamoja na vyuma chakavu. Usafiri wa bure."

Wakacheka. Yusufu naye akacheka.

Ofisini hakuna aliyekuwa anajua nilivyofika nchi hii. Mimi na mdogo wangu Bahati tulivushwa mpakani tukiwa ndani ya kontena, watu kumi na wanne, nyuma ya magunia. Hewa ilipoanza kuisha Bahati alizimia mikononi mwangu. Nilimpulizia mdomoni na kumzaba makofi mpaka dereva alipofungua. Alipona. Lakini leo ni mwanaume mzima wa miaka ishirini na sita, na hapa flatini hawezi kuoga mlango ukiwa umefungwa.

Nikamtazama Chef. Uso wangu haukutikisika. Sikuwa na nguvu ya kuutikisa.

"Asante, Chef. Nimeshasafiri hivyo. Huduma yao ni mbaya. Hewa hakuna."

Hapo ndipo walipocheka kuliko siku zote. Chef alipiga meza kwa kiganja. "Hatimaye!" akasema. "Sasa umekuwa mwenzetu."

Niliwaacha wacheke wamalize.

"Sitanii," nikasema. "Nilikuja hivyo. Na mdogo wangu. Alikaribia kufa."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Chef akasema, "Aa. Sawa," akainuka, akaenda kuchemsha maji. Baada ya dakika chache akaniwekea kikombe cha chai mezani, na biskuti mbili, bila neno. Sikuigusa chai ile. Nimeiacha ikapoa mbele yake, makusudi.

Yusufu alinifuata koridoni.

"Dada, yule iko na haya. Ile chai ndiyo pole yao."

"Kwetu pole inasemwa kwa mdomo, kaka. Na wewe ulicheka."

"Nilicheka, eish. Nisamehe." Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Baba yake alikuwa mkali, mtu wa kazi na msikiti, asiyemkumbatia mtoto. Ila Jumamosi walikuwa wanakaa pamoja kutazama vichekesho vya Waingereza kwenye televisheni, na baba alikuwa anacheka mpaka anamshika bega. "Mimi nikimsikia Colin, namsikia mzee wangu akicheka," akasema. "Ndiyo maana."

Nimeelewa. Lakini mimi sikukua na bega hilo. Mimi nimekua na utani wenye wenyewe: bibi yangu aliniita mke mwenzake, shemeji zangu walinicheka kimo, nami niliwarudishia papo hapo na hakuna aliyeumia. Chef nitamrudishia nini? Kibali changu kinahitaji barua yenye sahihi yake.

Saa kumi nikaenda mlangoni kwake.

"Chef, nina neno, na sitaki unijibu kwa mzaha."

"Niketi kwanza?" akasema, naye alikuwa ameshaketi.

Nilisimama tu nikimtazama, mpaka masikio yake yakawa mekundu. Nadhani hakuna aliyewahi kumwacha na mzaha wake mkononi namna ile. Nikamwambia acheke mvua, acheke meli, ajicheke yeye mwenyewe apendavyo. Safari yangu na makaratasi yangu, asiviguse tena.

Akavua miwani. Alihangaika kama mtu anayetafuta funguo mifukoni.

"Samahani," akasema. "Lilikuwa neno baya. Nilitaka usiwe na wasiwasi na Ijumaa. Huwa sijui njia nyingine." Kisha akaandika ile barua hapo hapo nikiwa nimesimama, akaipiga mhuri, akanipa.

Nilidhani nitatoka mle nikiwa mwepesi. Sikutoka hivyo. Nilipanda teksi nikiwa na barua kwenye mkoba, na nilipofika kwenye robot, zile taa za kuongoza magari, ya Umbilo Road nilikuwa bado nauma meno. Nina hasira naye, na nina hasira na zile nusu sekunde zangu, miaka yote ile ya kucheka nisichokiona.

Hizo zimekwisha. Kesho saa mbili nitakuwa mezani kwangu, na kitu kisiponichekesha sitacheka.

Nilimwambia asante kwa barua. Kwamba nimemsamehe, sikumwambia, kwa sababu bado.