Jina la Blaž Ukutani

Kijijini, Novemba 1897

Dada yangu Neža,

Pokea salamu zangu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Trieste pamoja na wanao. Sisi hatujambo, ila miguu inamsumbua Mama tangu uanze ule upepo mkali wa baridi tuuitao bora.

Uliniuliza kama marehemu mumeo Blaž alikuwa mwongo. Wiki tatu nimekaa na swali hilo.

Siku ile ya pango, mimi na yeye tulikuwa tukimtafuta kondoo aliyepotea. Blaž akaona nyasi zikitikisika mdomoni mwa shimo, na nje hakuna upepo. Akachutama, akasema, "Shemeji, huku chini kunapumua." Tukafunga kamba kwenye mwaloni, tukateremka. Njia ilipita kati ya kuta za mawe ya chokaa mpaka kwenye ufa mwembamba, maji yakifika kifuani. Nikakataa kuendelea. Akanicheka. "Basi kaa hapa unishikie kofia."

Aliporudi baada ya saa nzima alikuwa analia. Alisema ng'ambo kuna ukumbi ambao mnara wa kanisa letu ungesimama ndani usiguse dari, na kwamba amechonga jina lake ukutani kwa kisu.

Baridi ile ilimlaza wiki mbili kwa kichomi. Mabwana wachunguzi wa mapango walipokuja kutoka mjini, mimi ndiye niliyewaongoza. Wakaniandika mgunduzi, wakanipa kazi ya kutembeza wageni. Blaž alipoinuka akadai haki yake, lakini mkubwa wao akamjibu kwamba ukutani kuna jina moja tu, la Jernej. Kijiji kizima kikamcheka, wakamwita Bwana Pango, mpaka mkahama. Nawe uliniandikia kwamba ulimkataza kusimulia habari hiyo mbele ya watoto.

Neža, hakuwa mwongo. Siku moja kabla ya mabwana wale kufika niliingia peke yangu. Nilivuka maji, nikalikwangua jina lake, nikachonga langu. Herufi ya kwanza ya jina lake bado inaonekana mtu akiinua taa. Huwa siinui.

Siombi unisamehe. Wasomee wanao barua hii, na ukitaka, mpelekee padri wetu aisome kanisani.

Mama anakusalimu sana, hajui nilichoandika. Wabusu watoto.

Ni mimi ndugu yako, ambaye kesho saa tatu asubuhi ana wageni kumi na wawili kutoka Vienna, na atawaambia yale yale,

Jernej