Fundo Kwenye Waya Mweusi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kwenye kiti chako cha dirishani, na macho yamepata nafuu tangu ubadilishiwe dawa. Kama bado yanasumbua, mpe dada akusomee, ila mwambie asiruke mistari, maana namjua. Na goti la mama je? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, ndiyo maana nakuandikia kwenye benchi la karakana saa moja hii asubuhi, kabla wenzangu hawajafika.

Unajua kazi yangu hapa ni redio za mawasiliano za magari ya wagonjwa. Redio ikifa, kituo hakijui gari liko wapi, wala dereva hajui anaitwa wapi. Jumanne mchana gari namba tatu lilitoka likiwa bubu. Lilipita barabara ya juu huku mama mjamzito akisubiri mtaa wa chini, na hakuna aliyeweza kumwambia dereva ageuze. Mama yule alijifungua salama, namshukuru Mungu, lakini mkuu wetu wa usafiri alikuja juu kama moto wa kifuu. Gari liliporudi, kila fyuzi mpya iliyowekwa kwenye redio ilikatika papo hapo.

Mkuu alitaka mtu wa kumbebesha lawama, akampata dereva mwenyewe, mzee tunayemwita Polepole. Mwaka jana Polepole alikamatwa akichaji simu kwa kuungia kwenye nyaya za redio, akaapa hatarudia. Mkuu akasema mazoea yana tabu, huyu amerudia yaleyale, na kwamba leo saa nne kikao kitamwachisha kazi. Baba, mzee huyu amebakiza miezi minane astaafu.

Mimi nikaambiwa nitafute ubovu niandike ripoti. Nilifuata njia uliyonifundisha. Nilichomoa redio, nikaweka mita pale umeme unapoingilia: sifuri, yaani umeme unapita moja kwa moja bila kizuizi. Nikageuza ncha za mita, sifuri vilevile. Nikajua shoti iko ndani ya redio yenyewe, si kwenye gari. Nilifungua kifuniko, nikanusa kwanza kama unavyonusa wewe mpaka mama anakucheka. Hakuna harufu ya kuungua. Nikanyanyua mguu mmoja wa kapasita kubwa, ile inayotunza umeme, sifuri. Nikatenga sehemu ya kurushia mawimbi, ile inayokula umeme mwingi, bado sifuri. Ikabaki diodi ndogo nyeusi ya mlangoni. Nilipoinyanyua tu, mita ikapanda. Nikaweka mpya, na redio ikaongea karakana nzima ikasikia. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikaa chini na ile diodi iliyokufa kiganjani.

Unakumbuka ulivyonieleza diodi ile? Ulisema ni bawabu. Umeme ukija sawasawa, yeye kimya. Ukija kinyume anajitupa mlangoni ili fyuzi ikatike na redio ipone. Hafi kwa kuchaji simu. Hufa hivyo mtu akiunga chanya mahali pa hasi.

Baba, mtu huyo ni mimi.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimeitoa redio ile kuisafisha, nikairudisha mbiombio kwa sababu gari lilikuwa linatakiwa. Chini ya dashibodi nyaya zote mbili ni nyeusi, ziliungwa zamani kwa vipande vilivyopatikana, na mmoja ulikuwa na fundo. Pale nyumbani, tulipokosa waya mwekundu, ulikuwa unapiga fundo upande wa chanya. Nimekua nikilijua hilo kama ninavyojua mkono wa kulia. Nilipoliona fundo nikafurahi kama nimekutana na mtu wa kwetu. Sikupima. Fyuzi ikakatika. Hapo ndipo nikapima, nikaona fundo liko upande wa hasi na nimeunga kinyume, nikazigeuza nyaya haraka haraka kabla mtu hajapita. Nikaweka fyuzi nyingine, nayo ikakatika. Nikafunga dashibodi nikaenda kula, nikijidanganya kwamba nitarudi kuitazama. Niliporudi gari lilikuwa limeondoka. Mkuu alipokagua alikuta nyaya ziko sawa, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza.

Jana nilimuuliza Polepole habari za fundo. Alicheka, akasema alilipiga yeye ili waya usiteleze kurudi tunduni. Halikuwa na maana nyingine yoyote. Kisha akasema labda kweli kosa ni lake, labda aligusa kitu bila kujua, uzee huo. Akaniomba, kama naweza, nimsemee neno jema kwenye ripoti. Mimi nimsemee yeye! Niliitikia nikaondoka.

Ripoti niliyoandika jana ilisema diodi imekufa kwa sababu isiyojulikana. Nimeichana asubuhi hii na kuandika nyingine, yenye fundo, saa, na jina langu. Naogopa, Baba. Wanaweza kunisamehe kwa kuunga vibaya, kila fundi ameshawahi. Kwa kunyamaza siku tatu sijui. Usijilaumu kwa ajili ya fundo. Ulinifundisha fundo, lakini kupima ulinifundisha kwanza.

Polepole ameingia uani sasa hivi. Amevaa tai. Sijawahi kumwona na tai, na ameifunga vibaya. Nitamwambia yeye kwanza, kabla ya mkuu, kisha nimrekebishie tai yake kama atakubali niisogelee shingo yake.

Nisalimie mama, mwambie goti alikande na asisimame sana. Dada naye namsalimu, na kama amesoma mpaka hapa bila kuruka, nampongeza. Niombeeni. Na usishangae, Baba, nikibisha hodi mwenyewe kabla barua hii haijafika.

Ni mimi kitindamimba wako,
fundi uliyemfundisha kupima.