Msasa Usiguse Namba

Durban, Jumapili mchana

Baba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Na mahindi ya Ntalikwa, mvua imeyaachia au imeyalaza? Mimi mzima, ila kifua kinakwaruza kidogo kwa vumbi la karakana, ingawa barakoa navaa.

Dada Magreti amenitumia sauti yako. Unasema bastola yako imeota kutu kwa jasho la kiunoni, askari aliyeikagua akakuonya, na Kaka Masanja anataka kuipeleka kwa mafundi wa Mtendeni ikapigwe msasa na kupuliziwa rangi nyeusi ya pikipiki. Mwisho ukauliza, "Huyo mpaka rangi wetu anasemaje?"

Baba, neno hilo lilinichoma. Nilikumbuka baiskeli yako niliyoipaka buluu nikiwa na miaka kumi na sita. Masika moja tu ikabanduka yote, nawe ukasema pale stesheni ya Igalula, mbele ya watu, "Rangi ya mwanangu ni kama ahadi ya mnunuzi wa tumbaku." Walicheka hadi treni ilipoingia. Kazi hii nimejifunza bila senti wala baraka ya mtu, na leo nazipaka rangi bastola za walinzi, sita kwa siku.

Aliyenishikisha kalamu ni Saidi, Mzaramo ninayefanya naye kazi. Mtani hana huruma. Aliniambia, "Mnyamwezi wee! Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu toka Tabora mpaka pwani. Wewe neno moja la mzee wako limekushinda kubeba?"

Basi nimelibeba. Sikiliza.

Msasa usiguse bastola hiyo. Wiki yangu ya kwanza hapa niliijaza rangi namba ya bastola ya mteja hadi ikawa haisomeki. Bosi akaniuliza, "Sasa hii ni ya nani?" Ile ilikuwa rangi, tuliitoa kwa dawa. Msasa ukila namba hairudi, na wewe utakutwa na silaha isiyofanana na kibali chako. Kwa umri wako, Baba, sitaki uende kujieleza mahabusu kwa sababu ya urembo.

Rangi ya pikipiki haiwezi jasho, na mafuta ya kusafishia silaha yataifanya ilainike kama uji. Sisi tunatumia rangi yenye unga wa kauri. Chuma huoshwa mafuta yote, hupigwa mchanga laini huku namba imezibwa, hupuliziwa, kisha huokwa kwenye joto la nyuzi mia na ishirini kwa saa mbili. Ni nyembamba: matabaka matatu ndiyo unene wa unywele. Ikizidi hapo, vyuma vinakwama. Ndani ya mtutu hatupaki kabisa.

Rangi yenyewe, chagua kijivu kisichong'aa. Najua unapenda kitu king'ae, lakini mng'ao unaonyesha kila mkwaruzo, tena unamwita mwizi.

Kazi hiyo ifanywe na fundi wa silaha mwenye leseni tu, baada ya polisi kukuruhusu. Magreti akuulizie. Fundi huyo akikosekana, kitambaa kikavu na mafuta kidogo kila jioni vinatosha. Bora bastola isiyopakwa kuliko iliyopakwa vibaya. Hilo ulinifundisha wewe, pale Igalula.

Lakini usiniamini kwa maneno. Mwenzetu mmoja anakuja Tabora, nimempa vipande vinne vya bati. Cha kwanza kina rangi ya pikipiki, cha pili ya nyumba, cha tatu ni kijivu changu. Hivyo vitatu vitundike kando ya mzinga wa nyuki wa shangazi, mvua ivipige masika nzima, kisha vikwaruze kwa ufunguo na umwite Kaka Masanja aone. Nyeusi yake ikishinda, nitakubali kuitwa mpaka rangi hadi kaburini.

Msalimie Mama, mwambie rozari yake naivaa ndani ya ovaroli. Magreti msumbufu wetu naye asalimiwe, na shangazi mfuga nyuki. Kaka Masanja mpe salamu, na msasa mnyang'anye.

Kipande cha nne ni cha buluu. Hicho si cha bastola. Kifunge mbele ya baiskeli yako, halafu uende nayo Igalula siku ya treni.

Mwanao mpaka rangi,
Kulwa