Wimbo Uliosema Umeupata Kwenye Treni

Mwanangu Toader,

Nakusalimu sana, wewe na mkeo Lavinia. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na hayo umeyazoea. Baba yako ni mzima, anakusalimu, yuko zizini. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama soksi za sufu alizokufumia unazivaa au umempa mbwa. Dada yako Irina anakusalimu, na mumewe, na mapacha wao waliong'oka meno ya mbele wiki moja. Hata ng'ombe ni mzima. Shangazi yako Floarea hakusalimu. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Siku zote Irina ndiye huniandikia. Leo naandika mwenyewe kwa penseli, ndiyo maana herufi zimelala. Maneno haya sitaki yapite mkononi mwa mtu.

Tulikusikia redioni. Jikoni palijaa majirani mpaka kabichi za kukunjia nyama zikaungua sufuriani. Mtangazaji akakuuliza ule wimbo wa mtoto wa thelujini, ambao Noeli hii nchi nzima inaucheza, ulitoka wapi. Nawe ukajibu, kwa sauti ya kujisikia, eti ulikuwa safarini, ukatazama theluji dirishani, wimbo ukakushukia. Treni gani hiyo, Toader? Bibi yako akasema basi treni hiyo ilipita jikoni kwake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Irina alipokupigia simu ukamwambia nyimbo za kijijini hazina mwenyewe, anayewahi ndiye anayechukua. Nikameza, nikaenda kukamua.

Lakini mkesha wa Noeli nimeshindwa kumeza. Unajua mume wa shangazi yako tulimzika mwezi wa kumi. Unajua pia, maana nawe ulizunguka nyumba kwa nyumba na waimbaji wa Noeli ukiwa kijana, kwamba kwenye nyumba ya msiba hawaanzi kuimba mpaka waombe ruhusa, na wakiipata huimba wimbo ule mmoja tu, polepole, kofia mkononi, bila chombo. Ndio huo huo uliouchukua. Vijana wa mwaka huu wameujulia redioni. Wakaomba ruhusa vizuri, shangazi yako akawakubalia, akakaa na kitambaa chake cheusi akingoja alie kidogo moyo upoe. Wakamwangushia kodiani, na njuga, na makofi, wakirukaruka pale mtoto anaposema miguu yake ina baridi, kama ulivyowafundisha.

Shangazi yako akatoka na mwiko. Akawauliza, "Mmekuja kunichezea juu ya kaburi, nyie?" Kijana wa watu akamjibu, "Shangazi, si ndivyo unavyoimbwa! Huu ni wa Toader wenu!" Akamwambia, "Basi Toader wenu na mama yake wasikanyage hapa!" Sasa akiniona kisimani anageuza ndoo na kurudi zake. Miaka arobaini tumeoka mkate kwenye tanuri moja, Toader.

Nina hasira na wewe. Ila nina hasira na mimi pia, na hapa ndipo penyewe.

Wimbo huo una mwenyewe. Ni mimi.

Kabla yenu nyote nilizaa msichana, Ileuca. Homa ilimchukua ana miaka mitano, siku tisa kabla ya Noeli. Tulimzika na soksi tu, kwa sababu viatu vyake vilikuwa bado kwa fundi. Vile viatu vidogo juu ya kabati, ulivyokuwa ukiniuliza ni vya nani nami nikakwambia ni vya Irina, ni vya Ileuca. Mwaka ule waimbaji walipokuja kuomba ruhusa, baba yako aliwafukuza kwa shoka, akajifungia ndani peke yake. Hakula. Hakunifungulia. Nikakaa zizini na ng'ombe, na katika kukamua maneno yakaja, mtoto anabisha hodi, anasema nifungulieni, miguu yangu ina baridi. Jioni ya tatu nikasimama nje ya dirisha la nyumba yangu nikaimba. Baba yako akafungua mlango.

Mzee Gavrilă, kiongozi wa waimbaji, alikuwa anapita barabarani, akasikia. Akauchukua kwa ajili ya nyumba za msiba, nami nikamwapisha asiseme ni wa nani. Unajua wanavyosema hapa mwanamke akiimba nje ya mlango siku za Noeli, mwaka wote wa kijiji unaharibika. Na mwaka ule mto ulifurika ukabeba nyasi za mifugo za watu wote. Ningesema vipi? Nikaufungia mdomo. Ila wewe nilikulaza nao ukiwa mchanga, bila kukwambia chochote. Kosa langu ni hilo. La treni ni lako.

Sasa nimekwisha kusema, na wakitaka kunilaumu kwa mafuriko, wanilaumu. Leo jioni namwambia shangazi yako, akinifungulia.

Wewe njoo kabla padri hajabariki maji siku ya Epifania, maana baada ya hapo nyimbo za Noeli zinafungwa mpaka mwakani. Kodiani iache huko huko. Utasimama nje kwa shangazi yako, kofia mkononi, uombe ruhusa kama wengine, uimbe polepole. Na siku nyingine wakikuuliza redioni, taja Ileuca. Mimi usinitaje, mtaje yeye.

Msalimie Lavinia. Vaa soksi. Nijibu haraka, hata mstari mmoja, uniambie unakuja na basi la siku gani, nitashuka njia panda kukungoja.

Mama yako,
Palaguța