Herufi Inayosomeka Kutoka Mlangoni

Karakana ya Mabango,
Nyuma ya Duka la Vioo,
S.L.P. 417.

Tarehe 14 Juni.

Mpendwa Binamu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wale mapacha, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa unakilalamikia kimekuacha. Sisi huku tunaendelea. Goti la Baba ni lile lile, linampa habari za mvua kabla ya redio. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na usiniulize zaidi ya hapo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu iko mbele, vumilia. Mama yako yupo, anakula, anatembea, anafoka kama kawaida yake. Nakwambia hayo mapema ili usianze kuruka mistari.

Kazi zipo. Mwezi uliopita tuliletewa bango la kundi la muziki linaloitwa Ghorofa ya Pili, kwa sababu wanafanyia mazoezi ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani. Wako wanne: mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga kinanda na mpiga ngoma. Wametoa singo yao ya kwanza, "Nirudishie Mwavuli", wimbo wa mtu aliyeachwa ambaye hadai moyo wake wala miaka yake, anadai mwavuli tu. Niliusikiliza mara moja nikauona wa kipuuzi. Kesho yake nikajikuta nauimba nikiosha vyombo.

Shida ilikuwa picha. Kila mmoja alitaka awe mbele, na bango lina mbele moja tu. Mtata kuliko wote alikuwa mpiga ngoma. "Dada, mimi ndiye ninayetoa jasho pale nyuma, halafu nionekane sikio tu?" Na kweli nilikuwa nimemwachia sikio na nusu shavu. Nikamsogeza, mpiga gitaa akanuna. Nikamsogeza mpiga gitaa, mwimbaji akaanza kujibu kwa neno moja moja. Wiki mbili zilikwisha hivyo, nikihamisha vichwa kama mtu anayepanga viti vya wageni wasiopatana.

Sheria ya mama yako unaijua, umekua chini yake. Hakuna bango linalotoka hapa kabla ya kutundikwa kwenye ukuta wa upande wa pili wa ua, naye asimame mlangoni, hatua kumi na mbili, alisome kwa sauti. Anapokwama, hapo ndipo pana kosa, na kosa ni la aliyelichora. "Bango ni la mpita njia," husema, "na mpita njia hana muda wa kukubembeleza." Tangu aweke brashi chini, akisema ngazi imemshinda kwa sababu ya magoti, kazi aliyobaki nayo ni hiyo. Wala si kazi ya kumfurahisha mzee. Mwaka juzi alinasa tangazo la kinyozi lililokuwa na namba ya simu ya bucha, na mimi nilikuwa nimelipitia mara tatu.

Siku hizi ameongeza jambo jingine. Kila asubuhi, kabla sijatundika kitu, hutaka nimsomee. "Nisomee nisikie kama linatamkika." Nimwambie nini kiko juu, nini kiko chini, rangi gani, nani kasimama wapi. Nilidhani ni umakini wa fundi wa zamani. Hata nilijivuna kidogo, nikaona sasa nimekuwa mtu wa kushauriwa. Akili ni nywele, Binamu, na siku hizo mimi nilikuwa kipara.

Jumanne moja nilimsomea bango la Ghorofa ya Pili, kila kitu mahali pake: jina la kundi, jina la wimbo, uzinduzi Jumamosi saa kumi jioni, watu wanne wamejipanga. Mchana akaenda nyumbani kujinyoosha. Hajafika mbali, mwimbaji akaingia akihema. Ukumbi wa Jumamosi ile, ya wiki iliyofuata, umepewa watu wa harusi, uzinduzi umerudishwa Ijumaa inayoitangulia, saa kumi na moja. Nikabadilisha. Na kwa kuwa kazi nilikuwa nimeshaifungua, na vile vichwa vilikuwa vimenichosha, nikaviondoa vyote vinne, nikaweka mwavuli mmoja mwekundu umefunuka juu chini kama bakuli. Watatu wakakubali. Mpiga ngoma akakataa, akaketi kwenye ndoo ya rangi kumngoja mama yako. Aliamini kwake ndiko mahakama ya rufaa.

Mama yako alirudi saa tisa na kikombe chake cha chai. Nikatundika, akasimama mlangoni, akasoma: "Ghorofa ya Pili. Singo mpya. Nirudishie Mwavuli. Uzinduzi Jumamosi, saa kumi jioni." Hakukwama popote. Nikadhani nimetundika lile la asubuhi, nikavuka ua kwenda kuhakikisha. Bango lilisema Ijumaa, saa kumi na moja. Nilikuwa bado nimesimama pale aliposikia mpiga ngoma akikohoa, akamgeukia kumliwaza. "Na wewe mpiga ngoma, hapo sasa unaonekana vizuri. Acha kumsumbua binti yangu."

Kwenye bango hakukuwa na mtu hata mmoja.

Mpiga ngoma alinitazama mimi, akautazama mwavuli, akamtazama mama yako. Huyo ndiye niliyemwita mtata kwa wiki mbili nzima, kwa hiyo ni haki nieleze alichofanya. Aliinuka kwenye ndoo, akapangusa suruali, akasema, "Asante, Mama. Hapo nimeridhika." Kisha akaaga na kwenda zake.

Niliumia, Binamu. Mimi si mtu wa kulialia, unanijua, lakini niliumia hasa. Mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Wewe humwandikia ujumbe, yeye hukujibu kwa kurekodi sauti, ukawa unamtania kwamba uvivu umempanda mpaka vidoleni. Ujumbe wako mama yako husomewa na muuza vocha wa jirani. Pole, lakini ina maana muuza vocha anajua mambo yako yote, pamoja na ile habari ya mkweo na sofa.

Sikuzunguka mbuyu. Nikamuuliza, "Shangazi, bango linasema nini?" Aliipapasa ndoo, akaketi.

"Umebadilisha," akasema.

"Nimebadilisha."

"Ungenisomea."

Lawama yenyewe ilikuwa hiyo tu. Baadaye akaeleza, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza rangi iliyokwisha. Jicho la kulia huu ni mwaka wa pili halioni kitu. La kushoto linaona vitu vikubwa, likiwa halijachoka. Magoti hayakuwa na shida yoyote. Alishuka kwenye ngazi siku alipochora ubao wa duka la viatu, mwenye duka akamwuliza kwa adabu kwa nini mstari unapanda kilima.

Akanishika mkono akaniapisha. "Usimpigie mwanangu simu. Utampigia leo, kesho kashafunga mizigo. Kabakiza miezi tisa ya mkataba wake huko, na yule hajui kufanya kitu nusu." Nikaahidi sitakupigia simu. Mimi ni mtu wa kushika ahadi, na sijakupigia. Barua hakuitaja.

Jumatatu iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho. Alibisha njia nzima, lakini miguu ilikuwa inakwenda. Daktari ni mama mmoja mwenye sauti ya chini, hana papara. Alisema ni mgandamizo ndani ya jicho, unaua mshipa polepole bila maumivu, ndiyo maana wengi huchelewa. Kilichopotea hakitarudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kukosa. Jioni namtia mimi, asubuhi Baba. Hunung'unika kwamba nusu inaishia shavuni kwa sababu mkono wa Baba unatetemeka, kwa hiyo sasa Baba huegemeza kiwiko kwenye kiti.

Muda wote huo bango lilikuwa bado ukutani. Ningeweza kulichapa tu, nani angejua? Yeye ndiye aliyekataa. "Halijasomwa," akasema. "Halitoki." Nikaona basi, kama sheria ni sheria, na ifuatwe. Nikachukua karatasi za njano na wino mweusi, nikawa naandika neno moja, natundika, naye anajaribu kutoka mlangoni. Kila mara neno jingine, maana kwa kukariri sasa namjua. KIATU hakulipata. KINYOZI akalibahatisha, akakosa. Kila alipokosa nikaongeza ukubwa. Herufi zilipofika shibiri mbili alikaza jicho la kushoto, akakipeleka kichwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, akazitaja moja moja mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa ukali, "Sufuria ya nini kwenye bango la muziki?" Tulicheka mpaka mwenye duka la vioo akachungulia.

Kwa ukubwa huo linaingia neno moja tu. Kwa hiyo bango la Ghorofa ya Pili likawa MWAVULI, karatasi saba zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kila moja na herufi yake, nyeusi juu ya njano. Jina la kundi na siku ya uzinduzi vikakaa chini, kwa yule atakayesogea. Nilipowaonyesha wale wanne nilijiandaa kwa vita. Mpiga ngoma akawahi kusema, "Lichapwe hivyo hivyo." Wenzake wakamshangaa, wakakubali. Mimi sikuwaeleza kitu, na nadhani yeye pia hakuwaeleza.

Tulichapa kwa mkono, kwa ile fremu ya kitambaa cha kupitishia wino. Mama yako ndiye aliyekoroga wino, na kwa kusikia tu ule mti wa kukorogea unavyovuta alijua lini wino umekuwa mzito. Mikono yake haijasahau kitu. Herufi mbili tatu ziliharibika, na zilizoharibika nilizichapa mimi.

Uzinduzi ulikwenda vizuri. Ukumbi ulijaa theluthi mbili, kwa singo ya kwanza si haba. Watu kadhaa walikuja na miavuli na mbingu haina hata wingu. Mwalimu mmoja aliniambia aliliona bango kutoka mwisho wa barabara. Mama yako alikaa kiti cha mbele, na walipomaliza akatangaza kwamba katika wale wanne mwanamuziki ni mpiga ngoma, wengine wanamsindikiza. Mpiga ngoma alikuja kumshika mkono, akajitaja kwanza kabla ya kusalimia. Hakuna aliyemfundisha.

Sasa nakuja kwako. Sikuiti. Maliza hiyo miezi tisa, maana ukiikatisha atanilaumu mimi mpaka kaburini, na haki atakuwa nayo. Nimekwambia kwa sababu ningekuwa wewe ningetaka kujua, na kwa sababu mzigo huu una mwenyewe. Acha kumwandikia, mpigie. Mweleze vitu taratibu, rangi yake na mahali vilipo, anapenda hivyo. Usimwambie kwamba nimekwambia. Muulize habari za mabango, umwache mwenyewe afike anapotaka kufika.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya njano niliyoikunja mara nne. Ni ile U ya MWAVULI, mojawapo ya zilizoharibika, utaona wino umevuja pembeni. Ibandike ukutani, uhesabu hatua kumi na mbili, kisha ugeuke. Hiyo ndiyo herufi ndogo kuliko zote anayoiona mama yako kutoka mlangoni. Nimepima uso wangu kwa shibiri, ni nusu yake, na wako hauwezi kuuzidi sana, hata kwa kiburi chako. Kwa hiyo siku utakayorudi, usisimame ng'ambo ya ua ukingoja akutambue. Mfuate mpaka alipo.

Baba anakusalimu sana mpwa wake, na anauliza kama huko wanauza ile dawa ya kuchua goti. Fundi cherehani anakusalimu. Muuza vocha naye anakusalimu, kwa kujiamini kuliko inavyostahili. Mama yako anajua nakutumia bango tu, basi, amesema nikwambie ule vizuri na usilale na nywele mbichi. Wabusu mapacha, na wifi umwambie nampenda ingawa hajanijibu.

Mungu akulinde huko uliko, akupe subira ya miezi tisa, na akuache umkute anakungoja.

Wako akupendaye daima,

Binti wa Mjomba wako.