Alama ya Kisu Changu Mgongoni mwa Mbenga

Kisangani, Jumapili. Mvua ilinyesha asubuhi wakati wa ibada, kisha jua likawaka kana kwamba halijawahi kuzimwa. Sasa ni jioni, nimekaa barazani hapa Kabondo, na nina aibu.

Aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asitake kujitazama kwenye kioo.

Mnaonisoma hapa mnajua kazi yangu: napima sumu katika samaki wa mto. Huko juu ya mto, watu wanatafuta dhahabu na kuisafisha kwa zebaki. Zebaki inaingia majini, samaki wadogo wanaila, wakubwa wanawala wadogo, na inazidi kulundikana kwa wale wakubwa. Kwa hiyo kila wiki nashuka kwa wavuvi kwenye maporomoko, kwa familia ya Papa Augustin. Wakitoa samaki, nakata kipande kidogo cha nyama mgongoni, nakitia kwenye kichupa, na samaki namrudishia mwenyewe. Tulipoanza niliona huo ni utaratibu wa heshima, maana hatumnyang'anyi mtu chakula chake.

Leo ndipo nimejua walivyouelewa.

Waliniita kwa chakula cha mchana, kwa kuwa Béa, binti yao, ana mimba kubwa na walitaka nikae naye kidogo. Mama Véro, mama yake, alikuwa ametengeneza lituma ya ndizi za kupondwa, samaki mboto wa kuchemsha, na mbenga yule mkubwa niliyemkata jana, kwenye liboke la majani. Kwao vipande vinono vya samaki kama huyo ni vya mgeni na vya mwanamke mwenye mimba. Majani yalipofunguliwa, Béa alisogeza sahani na kusema, "Mi nataka pale penye mama ya labo alikata. Ile ilishapimwa, iko propre, safi kabisa."

Mama ya labo ni mimi, mtu wa maabara; nilidhani anatania. Papa Augustin akaongeza kwa furaha, "Ku soko banauliza ile yenye iko na alama. Inaisha mbele ya zingine."

Alama! Kidonda cha kisu changu kimegeuka muhuri wa afya. Mimi nakata kwa sababu nina wasiwasi na samaki huyo. Wao wanaona kidonda na wanasema amepita mtihani. Na miezi yote hii, waliponiita mama ya labo na kunipisha njia, sikuwahi kuwauliza wanaelewa nini. Nilipenda kuitwa hivyo. Ilinitosha.

Yule wa jana bado hajapimwa. Lakini wakubwa kama yeye tumeshapima wengi, na matokeo si mazuri. Mwanamke mwenye mimba hapaswi kuwala, kwa sababu zebaki inamfikia mtoto na kugusa ubongo wake. Hilo nalijua vizuri kama ninavyojua njia ya kurudi nyumbani kwangu.

Nikanyamaza.

Si kunyamaza tu. Mama Véro aliponiwekea kipande changu, nilikisukuma pembeni, nikasema leo nina hamu ya mboto. Mboto anakula majani, hana shida kubwa. Mkono wangu ulichagua vizuri kabisa. Na Béa mbele yangu alikuwa analamba vidole na kucheka, anasema mtoto anapiga teke akinusa pilipili.

"Bon, kama unapenda mboto, kula mboto," alisema Mama Véro. "Hii tutakufungia, Grâce atakula."

Wakamfungia binti yangu. Nikashukuru kwa mikono miwili, nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, na njia nzima kifurushi kilikuwa na joto mapajani mwangu. Nyumbani Grâce alisikia harufu akaja mbio. Nikamwambia kimeharibika, nikakitupa chooni.

Mwanangu hakula. Wa Béa alikula.

Najua nitakachojitetea nacho. Mkuu wetu kazini amesema tusitangaze chochote mpaka maabara ya Kinshasa irudie vipimo. Ana hoja: neno likitoka vibaya, soko zima litakataa samaki na familia hizi zitalala njaa. Lakini nani aliniomba kutangaza? Nilikuwa nimekaa mkekani na mtu mmoja, sahani moja. Ningeweza kumgusa mkono. Niliogopa kuharibu chakula, niliogopa uso wa Papa Augustin, niliogopa kuacha kuwa mama ya labo. Hofu ndogo ndogo za kipumbavu, na nikazipima zikawa nzito kuliko mtoto.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia Béa simu. Nilianza na salamu ndefu, mpaka akauliza kama kuna msiba. Ndipo nikamwambia yote: kwamba alama ya kisu haisemi samaki ni mzima, kwamba aache mbenga wakubwa mpaka mtoto azaliwe na aache kunyonya, ale mboto na samaki wadogo.

Nilisikia kuku wao, na mtu anatwanga.

"Kumbe ulikuwa unajua, pale nilikuwa nakula?"

Nilisema ndiyo.

Nilitegemea matusi. Ningeyapokea. Lakini aliuliza polepole, kama mtu anayemuuliza daktari, "Na ile nilishakula, tantine, itatoka namna gani?"

Nimesoma miaka mingi. Nilimwambia inatoka, lakini polepole sana, na hakuna dawa ya kuiharakisha. Kuhusu mtoto, nilimwambia sijui. Akasema asante. Asante! Kisha akakata.

Kesho, kabla hawajaingia majini, nitakuwa kwao, nimwambie Papa Augustin mbele ya wote, na wauzaji wa sokoni pia. Huenda wasinipe samaki tena. Huenda mkuu akanifukuza. Sawa. Ila sijui nitamtazama Béa vipi, maana bado ananiita tantine, shangazi yake.